Hina Ikikolea

2 Julai
Nimefika Dhorali na sanduku la vifaa, godoro, na feni ambayo umeme wa hapa hauitaki. Kituo cha afya kina vyumba viwili na mwarobaini mmoja. Gavri, mhudumu wa afya wa kijiji, amenipokea kwa glasi ya mtindi na swali moja: "Wewe ndiye wa taa?" Nimemwambia ndimi. Kufikia jioni jina langu Hemlata lilikuwa limekufa. Naitwa Dada wa Taa.

3 Julai
Kazi yenyewe haina makuu. Kifaa ni kama kastabini ya fundi cherehani, kinavaliwa kwenye ncha ya kidole. Ndani yake kuna vitaa viwili, cha kijani na chekundu. Mwanga unaingia kwenye nyama ya kidole, damu inaumeza kiasi, unaobaki unarudi. Mwanga ukirudi mchache, damu ni nyingi. Hakuna sindano wala tone. Namba inayotokea ndiyo kiwango cha damu: kwa mjamzito tunataka kumi na moja kwenda juu. Ikishuka chini ya saba, hiyo ni hatari, apelekwe mjini.

Wiki hii ya kwanza tu tunachoma na sindano pia, ili tuone kama taa na sindano vinasema jambo moja. Kila asubuhi naanza na kidole changu mwenyewe. Mimi ni kumi na mbili. Ndicho kipimo changu cha kujua kama kifaa kimeamka vizuri.

6 Julai
Taa na sindano vinapatana. Bwana Bapna, mkuu wangu aliyeko Jaipur, amefurahi kwenye simu mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. Wanawake wa hapa wana damu haba, wengi wao ni nane au tisa.

Leo ameletwa Sugna, mimba ya miezi sita, umri wake miaka ishirini na moja. Mumewe Bhanwar yuko mbali, jijini Surat, kwenye kiwanda cha kutia nguo rangi. Aliyemleta ni mama mkwe, Dhapu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kufukuzia ngamia. Sindano ilisema saba na nusu, taa nayo ikasema hivyohivyo. Kwa kuwa yuko karibu na saba, nikasema tutamchoma tena mwezi ujao.

"Hutamchoma," Dhapu akasema.

"Mama, ni tone moja tu."

"Umesema damu yake ni kidogo?"

"Ndiyo."

"Kisha unaichota? Kisima kikikauka, wewe kwenu mnateka maji kwa nguvu zaidi?"

Gavri aliangalia dirishani ili asicheke. Nimeandika: familia imekataa sindano, ataendelea na taa pekee. Pia nimeandika kwa ajili yangu mwenyewe kwamba mama huyu ni jeuri na mkwewe anamwogopa. Sugna mwenyewe sikumwona uso. Alikuwa ndani ya mtandio wake muda wote, nimemjua kwa mikono tu.

15 Julai
Joto. Hakuna mvua.

21 Julai
Mvua. Mashamba ya hina yamebadilika rangi kwa siku moja, na watu wametoka kuyatazama kama wanaotazama bibi harusi. Kijiji hiki kinakula kwa hina. Vichaka ni vyao, majani ni yao, unga unaosafirishwa mpaka kwa watu wasiojua Dhorali iko wapi ni wao.

7 Agosti
Siku ya Teej, sikukuu ya wanawake ya msimu wa mvua. Bembea kwenye kila mti wenye tawi la kutegemewa, na ghevar, ile keki ya matundu iliyoloweshwa sharubati, mpaka meno yakaomba likizo. Gavri hakuniacha. "Mwanamke akikaa Dhorali siku ya Teej na mikono mitupu, watu watasema kafiwa." Nikatoa mikono. Alinichora ndege wawili viganjani, kisha akanipaka vidole vyote mpaka kwenye kiungo cha kwanza, kama wanavyofanya hapa.

Dhapu alipita akakagua mikono ya kila mtu. Ya Sugna aliipaka mwenyewe. Hina yake aliikoroga na maji ya majani ya chai, akailowesha kwa ndimu na sukari, kisha akamfukiza mikono kwa moshi wa karafuu ili rangi ishike. Hapa wanasema hina ikikolea, mama mkwe anakupenda. Mikono ya Sugna ilikolea mpaka ikakaribia weusi. Wenzake walimtania, na mara ya kwanza nikasikia anacheka.

8 Agosti
Asubuhi kidole changu kimesema kumi na nne na nusu. Jana kilikuwa kumi na mbili. Watu hawapati damu kwa kula ghevar.

Nimempigia Bwana Bapna. Amesema ni unyevu wa mvua umeingia kwenye vitaa. "Kifukie kwenye mchele." Hapa mchele ni wa sherehe, nimekifukia kwenye uwele.

19 Agosti
Uwele umefanya kazi. Kumi na tatu juzi, leo kumi na mbili na kidogo. Bwana Bapna amenipongeza kama niliyevumbua kitu.

23 Agosti
Nimerudi kutoka Pali, mjini kwetu, nilikokwenda kumwona mama. Nimeikosa Teej kubwa ya juzi, ile ya pili, na simlilii mtu. Kidole changu: kumi na mbili, imara kama msumari.

Ila wanawake wa Dhorali wamepanda! Waliokuwa nane sasa ni kumi na moja. Sugna ni kumi na moja na nusu. Nilikivua kifaa, nikakifuta, nikajipima tena mwenyewe: kumi na mbili. Basi kifaa ni kizima, na damu imepanda kweli. Vidonge vya madini ya chuma tunavyowagawia tangu Julai vinafanya kazi.

Nimemwambia Dhapu matokeo ya mkwewe. Hakutabasamu, lakini alitoa mfuko wa kachri, vile vitango vya mwituni, zilizokaushwa, akaniwekea mezani. "Za kupikia," akasema, kana kwamba ningezivaa.

30 Agosti
Bwana Bapna amechora mstari unaopanda na kuutuma kwa kila anayemjua. Wageni watakuja baada ya Diwali, sikukuu ya taa ya mwishoni mwa Oktoba, kuamua kama kifaa kipelekwe wilaya nzima. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimeandika tu, sina ugomvi na mtu.

4 Septemba
Mpango wa Sugna umebadilika. Julai tulisema atajifungulia hospitali ya Pali, ambako kuna damu ya akiba. Kwa kumi na moja na nusu hakuna haja. Daktari anayepita kituoni mara moja kwa wiki ametia saini: atajifungulia hapahapa, kwa mkunga. Dhapu amefurahi kwa sababu Pali ni mbali na mbuzi hawana wa kuwaangalia.

12 Septemba
Mavuno yameanza. Kijiji kizima kimeinama na mundu. Wanawake wanakuja kupimwa wakiwa na vumbi la kijani mpaka kwenye nyusi. Wananawa kwa sabuni, mikono inabaki na rangi yake, nami nawapima. Kumi na mbili, kumi na tatu; nimewaambia wapunguze vidonge. Gavri amesema kwa mwendo huu mwakani watachangia damu jeshini.

17 Septemba
Sherehe ya mimba ya Sugna. Nazi, nyimbo, nguo ya manjano. Dhapu alimpaka hina tena, na safari hii alimpaka mara mbili, juu ya ile ya zamani. Nilikaa karibu na mlango nikala. Sugna alipopanda zile ngazi tatu za barazani alisimama katikati akishika nguzo. Kila mtu alisema mtoto ni mzito, atakuwa wa kiume.

20 Septemba
Sugna: kumi na mbili na nusu. Nimeandika.

24 Septemba
Nilipeleka vidonge nyumbani kwao mchana. Dhapu alikuwa shambani. Nilimkuta Sugna uani, amegeukia ukuta wa udongo ambao mvua imeulowesha, anabandua kipande kwa ukucha na kukitia mdomoni. Aliponiona alificha mkono nyuma kama mtoto.

"Unakula udongo tangu lini?"

"Tangu zamani, dada. Usimwambie mama. Unanukia vizuri mvua ikinyesha."

"Unachoka?"

"Nikikaa, sichoki."

Mtandio ulikuwa umeteleza. Nilimwona uso kwa mara ya kwanza tangu tujuane. Midomo yake ilikuwa na rangi ya mkate wa uwele. Nikamvuta chini kope ya jicho kwa kidole changu, kwa ndani kulikuwa kweupe.

Mwenye damu kumi na mbili na nusu halambi ukuta. Nilimpima pale pale, kifaa kikasema kumi na mbili na nusu. Nikajipima mimi, kikasema kumi na mbili. Vidole vyetu vilikuwa vimelala pamoja juu ya kitanda cha kamba, changu kitupu na chake cheusi kwa hina mpaka kiungo cha kwanza. Nikavitazama vidole vile kwa muda ambao Sugna aliuona mrefu, maana aliuliza kama amekosea.

Hakukosea yeye. Nilirudi kituoni mbio, na mimi si mtu wa mbio.

Jioni. Gavri amekoroga hina. Nimepaka kidole kimoja cha mkono wa kushoto, na jirani yake nimekiacha. Nimengoja rangi ishike, nimekwangua, nimenawa. Kidole kitupu: kumi na mbili. Kidole chenye hina: kumi na tano.

Taa haijui damu. Inachojua ni kwamba mwanga umeingia na haukurudi wote. Hina inaumeza mwanga ule wa kijani vilevile, na kifaa kinaihesabu hina kuwa damu. Ule uwele haukuponya chochote mwezi uliopita: hina yangu ilikuwa inafifia tu. Na mwongozo wetu una ukurasa mzima juu ya kidole: kiwe safi, kikavu, kisiwe baridi, kucha zisiwe na rangi ya duka. Hina haimo. Ulioandika mwongozo ni mkono wa Jaipur, na mimi wa Pali niliusoma bila kushtuka, kwa sababu kwetu hina si rangi. Ni mkono wenyewe.

Nimeona aibu, na niseme wazi, nimeogopa pia.

25 Septemba
Bwana Bapna kwenye simu:

"Hemlata, wageni wanakuja baada ya Diwali. Hilo tutalirekebisha kwenye toleo lijalo."

"Bwana, kuna mwanamke atazaa kabla ya toleo lijalo."

"Mmoja?"

"Ninayemjua ni mmoja. Wengine niliwaambia wapunguze vidonge, sijui wako vipi."

Kisha akasema nisiandike chochote kwanza. Nimeandika.

Nikachukua kifaa, nikamchukua Gavri, tukaenda kwa Dhapu. Alikuwa anapigapiga majani makavu ya hina kwa fimbo. Nilimwambia kwamba nilimdanganya bila kujua, kwamba ile namba ilikuwa ya hina.

Fimbo ilisimama. "Hina gani?"

"Iliyoko mikononi mwake."

"Niliyompaka mimi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Dhapu akaketi juu ya gunia. Nilimtegemea apige kelele na nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Badala yake alizungumza polepole. "Mimi nilipoolewa, mama mkwe wangu alinipaka kwa kidole kimoja, haraka, kama anayebandika kinyesi cha ng'ombe ukutani. Rangi ilitoka ya chungwa. Wakanicheka mwaka mzima. Nikasema wa kwangu hatachekwa na mtu." Akajifuta uso kwa kiwiko, viganja vilikuwa na vumbi. "Kumbe kila nilipomfukiza karafuu nilikuwa nafunika kaburi."

Nilikuwa nimemwandika jeuri mwezi wa saba. Mama huyu hakuwa jeuri.

"Hajafa, mama," Gavri akasema. "Yuko jikoni anasikiliza."

Tatizo lilikuwa mahali pa kupimia. Mikono yote ina hina, miguu ina hina. Nikasema sikio. Gavri akaguna: wanawake wa hapa watakupa kidole, hawakupi sikio, maana sikio liko ndani ya mtandio, tena lina dhahabu ya ndoa. Sugna akasimama mlangoni. Alimtazama mama mkwe, na Dhapu akainuka, akamvua hereni ya sikio la kushoto yeye mwenyewe.

Nilianza na ndewe yangu, wakiona: kumi na mbili. Nikapima ya Dhapu: kumi na tatu na nusu. Nikapima ya Sugna. Sita.

Nikawaambia ukweli, kwamba kifaa hiki hakikufundishwa masikio, na baada ya miezi miwili ya uongo sitaki mtu akiamini bila ushahidi. Dhapu akafungua kinywa. Sugna akamtangulia.

"Nitoboe," akasema. Alinyoosha mkono wake mweusi mzuri. "Mama, usikasirike. Nimechoka kuwa mzima."

Sindano ilisema tano na pointi nane. Tone lenyewe lilikuwa jepesi, lilitiririka kwenye kiganja juu ya maua ya hina.

26 Septemba
Gari la wagonjwa halikuja, kijito kimekata barabara. Tumevuka na trekta iliyobeba magunia ya hina. Sugna alilala juu ya magunia, Dhapu amemwekea kichwa mapajani, na njia nzima anamtukana dereva: "Wewe! Hayo ni magurudumu au miguu ya mbuzi? Taratibu, mwana wa bundi!" Dereva alikuwa mpwa wake.

Hospitali ya Pali ina damu, ila wanaitoa kwa kubadilishana: ndugu atoe mfuko, mgonjwa apewe mfuko. Bhanwar yuko kwenye treni, atafika kesho. Mimi nilitoa wa kwanza. Wakauliza nani mwingine. Gavri hafiki uzito unaotakiwa, na si kwa kosa lake.

Dhapu akakunja mkono wa blauzi. Muuguzi akachukua sindano ya kupimia kidoleni, na Dhapu akaitazama kwa dharau. "Hiyo ndogo ya nini? Lete ile kubwa, tusipotezeane muda."

Alilala kwenye kitanda chembamba, macho yameelekea dari. Mwanamke aliyekataa tone alikuwa anatoa mfuko. Nilimuuliza kama anajisikia vizuri.

"Najisikia kisima," akasema.

28 Septemba
Mifuko miwili imeingia. Midomo ya Sugna imeanza kuwa na rangi. Bhanwar amekaa kwenye sakafu ya wodi na mikono yake ya samawati ya kiwandani, anaulizwa na kila mtu ameshika nini.

5 Oktoba
Mtoto wa kike. Sugna alivuja damu nyingi, wakamwongezea mfuko wa tatu. Mkunga wa Pali alinieleza, bila kuulizwa, kwamba kwa ile tano na pointi nane asingefika asubuhi. Nilikwenda nje, nikanunua chai, nikashindwa kuinywa.

9 Oktoba
Nimepima masikio ya wanawake wa Dhorali, na kila mmoja nimemchoma na sindano kulinganisha. Hakuna aliyekataa, Dhapu amesimama mlangoni. Wengi wamerudi nane na tisa, kule walikokuwa Julai. Wawili wako chini ya saba, wamepelekwa Pali leo. Mstari wa Bwana Bapna ulikuwa mchoro wa sikukuu zetu.

Nimemtumia namba zote. Hajapiga simu.

16 Oktoba
Amepiga. Ziara ya wageni imeahirishwa. Amesema nimemwaibisha, kisha akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, kama taa nyekundu peke yake inapita kwenye hina vizuri zaidi. Inapita, nilishaijaribu. Amesema nimletee vipimo vya vidole vyenye hina. Namchukia kidogo kuliko jana.

30 Oktoba
Diwali ni kesho. Nimekwenda kwa Dhapu, maana alituma mtu kuniita, na mtu mwenyewe alisema nisipokwenda nitafuatwa. Uani walikuwa wanawake kumi au zaidi, hina kwenye bakuli, karafuu zinafuka. Sugna ameketi katikati, mtoto amelala pembeni.

Dhapu alimpaka mkono wa kulia wote. Mkono wa kushoto alipaka vidole vinne akaruka kimoja, kile cha pete. Akaenda kwa mwingine, akafanya vilevile. Hakuna aliyeuliza, nikatambua wameshaafikiana. Kila mwanamke uani alikuwa na kidole kimoja kitupu.

Ni Gavri tu asiyejizuia. "Mama Dhapu, mkwe wako amekosa nini? Hicho kidole hukipendi?"

"Nyamaza," Dhapu akasema, hakuinua kichwa. "Hicho ndicho ninachokipenda zaidi."

Kisha akanivuta mkono, akanipaka mimi, vidole tisa.

Kabla sijaondoka nilimvalisha Sugna kifaa kwenye kidole kile. Kumi na nusu. Nikamwambia ni ya kweli, na Dhapu akanifanya niseme tena, kwa sauti, wote wasikie.